Duka Lisilomtegemea Mtu

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi ambayo haimo kwenye ramani, kwa kuwa ofisa aliyetakiwa kuichora alikuwa semina, na alipotoka semina fungu la wino lilikuwa limeishia kwenye posho. Ilikuwa nchi ya amani. Ilikuwa na wimbo wa taifa wenye beti nyingi, ilikuwa na mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba, na ilikuwa na TeleTele.

TeleTele ilikuwa kampuni ya maduka makubwa. Palipokuwa na zahanati hapakukosa tawi la TeleTele, na pasipokuwa na zahanati palikuwa na matawi mawili. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine, muziki wa taratibu, na vitunguu vilivyovikwa plastiki kimoja kimoja. Mlangoni alisimama mlinzi wa kukukaribisha unapoingia na kukupekua unapotoka. Wananchi waliipenda, na aliyesema haipendi aliulizwa kama anapinga maendeleo.

Katika Mtaa wa Sindano, TeleTele ilijengwa juu ya kiwanja cha shule, kwa ahadi kwamba itauza madaftari. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na maduka mawili madogo yaliyotazamana, moja huku na moja ng'ambo ya barabara ya vumbi. La huku lilikuwa la Mzee Shomvi, mtu mzima mwenye kitambi cha wastani na redio ya makelele. La ng'ambo lilikuwa la Mama Sikudhani, mjane aliyeachiwa duka na marehemu mumewe pamoja na mizani yenye kutu. Yote mawili yaliuza vitu vile vile: sukari ya kupima, mafuta ya taa, viberiti, kandambili, na sabuni ya mche iliyokatwa vipande.

Wangeweza kuchukiana. Walijaribu hata kujaribu, hasa kuhusu ile redio, lakini kazi haikuwapa nafasi. Duka la mtu mmoja lina tabu moja kubwa, nayo ni kwamba huyo mtu mmoja ana tumbo, ana kibofu, ana swala, na ana misiba ya kuhudhuria. Kwa hiyo Mzee Shomvi alipotaka kutoka alisimama mlangoni akaita, "Mama Siku, niangalizie!" naye Mama Sikudhani akavuka barabara, akaketi nyuma ya meza ya mwenzake, akauza, na fedha akazitumbukiza kwenye kopo la maziwa. La kwake alilitazama kwa ng'ambo. Mteja wake akija akabisha hodi, alipaza sauti, "Niko huku!" Alipotoka yeye, mambo yaligeuka vivyo hivyo. Na mmoja akiishiwa chumvi, alimwelekeza mteja kwa mwenzake bila kinyongo. Jambo hili hawakuwahi kulizungumza, wala hakuna siku waliyolianza.

*

TeleTele iligundua jambo hili kwa masikitiko. Meneja wake akaenda serikalini kulia kwamba anaonewa. Serikali ile haikupenda kuona mnyonge akionewa, ikaunda Tume ya Ushindani Huru, wa Haki na wa Kupendeza, chini ya Mheshimiwa Dokta Kisanga, aliyepata udokta kwa kutunukiwa, na kutunukiwa akakupata kwa kuomba.

Tume ilizunguka, ikala, ikarudi, ikatoa taarifa. Kuhusu TeleTele ilisema kwamba kampuni ile haina ukiritimba hata chembe, kwa kuwa kila tawi lina meneja wake, na mameneja hao hawapendani. Hayo, Tume ilisema, ni maduka mengi yanayoshindana vikali. Lakini kuhusu Mtaa wa Sindano hali ilikuwa ya kutisha. Huko maduka mawili yalikuwa yamekula njama ya kuwa duka moja. Yalipeana wateja, yalipeana wauzaji, na yalionekana kwa macho yakipeana hata chenji.

"Huu," Dokta Kisanga alisema redioni, sauti ikimtetemeka, "ndio ukiritimba wenyewe ambao wengine tumeusoma."

Hata hivyo serikali ilikuwa na huruma. Ilitangaza kwamba haina nia ya kuyaua maduka madogo. Inayapenda mno, na itahifadhi moja katika kila mtaa wenye TeleTele ili watoto wasije wakasahau yalivyokuwa. Litaitwa Duka Huru. Na ili pasiwe na ubishi, sheria ikaeleza maana yake: duka huru ni duka lisilomtegemea mtu yeyote.

Wenye maduka wa Mtaa wa Sindano wakaitwa kuhojiwa siku moja, Mzee Shomvi asubuhi na Mama Sikudhani baada ya adhuhuri. Atakayeonekana hamtegemei mtu atapewa hati, na mwingine atafungiwa. Wakilingana, Tume itatafakari. Asiyefika atafungiwa bila kutafakariwa.

*

Asubuhi ile Mzee Shomvi alivaa kanzu ya sikukuu na kofia aliyoitunza kwa ajili ya harusi za watu wengine. Mama Sikudhani alikwisha kuvuka na kuketi kwenye kigoda chake.

"Sasa tutasemaje kule?" Mzee Shomvi aliuliza.

"Si tuseme kama ilivyo? Kila mtu ana duka lake na kila mtu ana jirani yake. Kosa liko wapi?"

"Na wakisema ni kosa?"

"Watufungie wote wawili, tukauze vitumbua. Wewe utakoroga, mimi nitachoma. Lakini mimi na wewe tusigeukane, Mzee Shomvi. Hilo tu ndilo ninaloliogopa."

Mzee Shomvi alicheka kwa sauti, akaona hata si jambo la kuapia. "Haya, niangalizie. Nikitoka tu narudi mbio, nawe uende."

"Usichelewe basi. Mimi siwezi kuliacha lako wazi."

"Nichelewe na nini kule?" alisema, akaondoka akipunga mkono.

*

Ukumbi wa Tume ulikuwa na viti virefu vilivyotandikwa mataulo mgongoni, kwa sababu katika nchi ile ukubwa ulitokwa jasho. Dokta Kisanga aliketi katikati. Kando yake alikuwa katibu, Afisa Teobadi, mtu mwembamba aliyepiga makofi kabla sentensi ya mkubwa haijaisha, akawa mara nyingine anapigia makofi kikohozi.

"Mzee wangu," Dokta Kisanga alianza kwa upole, "unapokwenda msalani, duka hubaki na nani?"

Mzee Shomvi alikuwa amekuja na jibu, amelipanga njia nzima. Lakini juu ya meza, mbele ya macho yake, palikuwa na hati yenyewe, imekwisha tiwa kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Mahali pa jina palikuwa patupu. Alipatazama pale patupu, akaona jinsi jina lake lingeenea vizuri.

"Hubaki lenyewe," alisema.

"Lenyewe?"

"Siendi sana, mheshimiwa."

Afisa Teobadi akapiga makofi.

"Na hivi sasa, uko hapa. Dukani kuna nani?"

Masikio yakaanza kumwaka moto. Alimwona Mama Sikudhani waziwazi, ameketi pale, anampimia mtu sukari, jicho moja kaliacha ng'ambo.

"Nimefunga."

"Safi kabisa. Na huyu mwanamke wa duka la pili, huyu Mama Sikudhani, ni nani wako?"

Hapo angeweza kujiokoa. Neno "jirani" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alilimeza, na likashuka kwa shida.

"Si mtu wangu," alisema. "Namwona tu barabarani, kama ninavyowaona watu wengine."

Dokta Kisanga alisimama. Wajumbe wote wakasimama, kwa kuwa haikuwa adabu kuketi yeye amesimama.

"Ndugu zangu! Nimetembea dunia nzima kwa gharama za wananchi, na sijapata kumwona mtu wa namna hii. Hana jirani! Hana msaidizi! Haendi msalani! Huyu ndiye mfanyabiashara tuliyemwota. Taifa likipata watu kama hawa, kila mmoja peke yake, nani atatuweza?"

Hakuna aliyejibu nani atawaweza. Jina likaandikwa pale patupu kwa kalamu ya mwandiko mnene, na Mzee Shomvi akavishwa mshipi wa hariri begani wenye maneno DUKA HURU LA TAIFA. Alitabasamu, maana wapiga picha walimwambia atabasamu.

*

"Naomba niwaage, mheshimiwa," alisema baadaye. "Niwahi dukani."

"Si umesema umefunga?"

"Nimefunga, ndiyo."

"Basi unawahi nini? Mtu huru hana haraka. Njoo tule."

Uongo aliousema yeye mwenyewe ndio uliomshika mkono ukampeleka mezani, ukamketisha mbele ya sinia la biriani. Nyama ilikuwa laini, mchele umenukia zafarani. Kwanza alikula kwa woga, kisha akala kwa njaa, na kisha, jambo ambalo lilimchoma kuliko yote alipolikumbuka baadaye, akaomba aongezewe.

Alikuwa na tonge mdomoni Afisa Teobadi alipotoka kwenda kwenye veranda ya ukumbi.

"Mama Sikudhani wa Mtaa wa Sindano!" sauti ilisikika. "Mama Sikudhani! Mama Sikudhani, mara ya mwisho!"

Mezani watu waliendelea kula. Mzee Shomvi alijua mahali alipo mwanamke yule, tena alijua kigoda alichokikalia. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa machache: yuko kwangu, ananiangalizia. Aliangalia fremu iliyolazwa kwenye kiti kando yake, akaendelea kutafuna hata baada ya tonge kwisha.

"Hakufika," Afisa Teobadi aliarifu aliporudi.

"Dharau," Dokta Kisanga alisema kwa uchungu, akavuta sinia.

*

Serikali ya nchi ile ilikuwa na maamuzi ya tangu enzi za mababu ambayo bado yalisubiri utekelezaji. Uamuzi huu ulitekelezwa kabla ya alasiri kwisha. Gari la Tume lilipomshusha Mzee Shomvi mtaani, mlango wa ng'ambo ulikuwa umekwisha pigwa ubao na utepe mwekundu, na kufuli lililoning'inia lilitosha kufunga benki.

Alivua ule mshipi haraka, akausokomeza ndani ya kanzu. Fremu haikusokomezeka.

Mama Sikudhani alikuwa bado nyuma ya meza, anamfungia mteja majani ya chai kwenye karatasi. Alimaliza, akatia fedha kwenye kopo la maziwa, akamsubiri mteja atoke.

"Umerudi," alisema.

"Walinichelewesha, Mama Siku."

"Nimeona." Alikuwa akiitazama fremu. Kisha akatazama ng'ambo. "Walikuja. Wakasimama pale kwangu wakabisha. Hodi mwenye duka, hodi mwenye duka! Nikafungua mdomo niseme niko huku. Halafu nikajiuliza, wakinikuta nyuma ya meza yako, si watakuharibia? Na wewe umeshaenda kujieleza, sijui umejieleza vipi. Nikanyamaza. Wakabisha weee, wakapiga misumari, mimi nawatazama."

Mzee Shomvi alisimama na fremu yake mikononi. Alikuwa na haya ya mwili mzima, haya ya kutaka kuvua hata ngozi. Angefurahi kama angetukanwa. Aliyajua matusi mengi yaliyomfaa, akayangoja, na hata moja halikuja.

"Mama Siku, mimi kule nilisema..."

"Chumvi yako imekwisha," Mama Sikudhani alimkatiza, akijifunga kanga. "Tangu asubuhi nilikuwa nawaelekeza kwangu."

Akatoka. Kwa mara ya kwanza hakuvuka barabara. Alishika njia ya nyumbani, na mizani yake ikabaki nyuma ya lile kufuli.

*

Duka Huru la Taifa lilizinduliwa na Dokta Kisanga, ambaye alikata utepe na akasahau kununua kitu. Mbele pakawekwa kamba ili wageni wasisogee sana. Wanafunzi waliletwa kwa mabasi, wakaonyeshwa kopo la maziwa na namna karatasi inavyokunjwa. Wageni kutoka nchi zilizomo kwenye ramani walimpiga picha Mzee Shomvi akiwa amekaa, na walipotaka apigwe amesimama, alisimama.

Uhuru wake ulilindwa kwa uangalifu. Haikuruhusiwa mtu mwingine kuketi nyuma ya meza. Haikuruhusiwa kumwelekeza mteja kwa duka dogo lingine lolote, na hili halikuwa gumu kwa kuwa halikuwepo. Akiishiwa chumvi, kanuni zilimtaka aseme, "Jaribu TeleTele." Aliyasema maneno hayo tangu asubuhi mpaka jioni. Meneja wa TeleTele alimpigia saluti kila walipokutana.

Msalani hakwenda sana. Aliacha kunywa maji baada ya kifungua kinywa, akaswali nyuma ya magunia, na misiba akaikosa. Alipofiwa na binamu yake alituma salamu za rambirambi kupitia mlinzi wa TeleTele, aliyekuwa anapita huko. Mara nyingine, akili ikiwa mbali, alijikuta amesimama mlangoni, kifua kimejaa pumzi ya kuita, na "Mama Siku" imeshatoka nusu. Mbele yake kulikuwa na kufuli. Alirudi ndani akawasha redio, na hakuna tena aliyemwambia apunguze.

*

Asubuhi moja hakufungua. Alivaa kanzu ile ile, akapita uchochoroni nyuma ya msikiti mpaka kwenye nyumba ya Mama Sikudhani. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno, na safari hii aliapa hatayameza.

"Hodi!"

"Niko huku!" sauti ilijibu kutoka uani, kwa mazoea.

Mzee Shomvi alishika ukuta kwanza, ndipo akaingia.

Mama Sikudhani alikuwa ameketi mbele ya chuma cha vitumbua, moshi umemwingia machoni. Alimtazama mgeni wake, akamsogezea kigoda.

"Duka umemwachia nani?" aliuliza.

"Sijamwachia mtu. Nimefunga."

"Hilo tulishalisikia," alisema, bila ukali, na Mzee Shomvi akatambua kwamba habari za ukumbini zilifika zamani. Maneno yake yote aliyoyapanga yakapotea.

Mama Sikudhani alitikisa chupa ya mafuta, akaiona tupu. "Nakwenda TeleTele mara moja. Zamani nikiishiwa nilikuwa nachukua kwako, lakini nasikia siku hizi nako watu hutumwa huko huko." Akainuka, akajifunga kanga. Kisha akasema, kama alivyosema maisha yake yote, "Niangalizie."

Akaondoka. Mzee Shomvi akabaki na chuma cha vitumbua, bakuli la rojo la unga wa mchele, na aibu yake. Aliwaza kwamba huyu mama ama amemsamehe ama hana mtu mwingine, na hakujua lipi baya zaidi.

Hapo akaingia Afisa Teobadi. Alikuwa akizunguka uani kwa watu kutafuta ukiritimba wa vitafunwa.

"Mheshimiwa Duka Huru!" alishtuka. "Unafanya nini huku?"

Mzee Shomvi alisimama. Alifuta macho kwa mkono wa kanzu.

"Namwangalizia Mama Sikudhani," alisema. "Ni jirani yangu. Siku ile mlipomwita, alikuwa dukani kwangu, ananiangalizia mimi. Amekuwa akiniangalizia miaka yote, nami nikimwangalizia. Nilisema uongo mbele ya Tume. Andika hivyo. Nifungieni mimi, yeye mfungulieni."

Afisa Teobadi alimtazama kwa mshangao. Kisha uso wake ukachanua, akaanza kupiga makofi.

"Kumbe mmeanza na maigizo! Safi sana, mzee wangu. Hivi hivi ndivyo walivyokuwa wakiishi zamani! Na machozi yapo kabisa! Nitamwambia Dokta, wageni wajao tuwaonyeshe na hili."

"Si maigizo! Nasema kweli!"

"Hapo hapo, kaza hapo hapo kwenye 'nasema kweli'," alisema Afisa Teobadi, akachukua kitumbua kimoja cha moto, akaondoka akipuliza vidole.

Mama Sikudhani aliporudi na mafuta alimkuta Mzee Shomvi bado amesimama.

"Amepita nani?"

"Afisa wa Tume. Kachukua kitumbua, hakulipa."

"Alikuuliza unafanya nini hapa?"

"Aliniuliza. Nikamwambia wewe ni jirani yangu. Nikamwambia yote, Mama Siku."

Mama Sikudhani alimimina mafuta katika kila kishimo cha chuma, taratibu, asiruke hata kimoja.

"Ingefaa siku ile," alisema.

Mzee Shomvi aliketi, akavuta bakuli la rojo, akashika upawa na kuanza kukoroga. Alikoroga kwa bidii, kichwa kimeinama, na hakuna aliyemzuia. Vitumbua viliiva, vikaepuliwa, vikatiwa vingine. Bakuli lilipobaki tupu, Mama Sikudhani aliuchukua upawa mkononi mwake.

"Nenda sasa, Mzee Shomvi," alisema. "Dukani kwako hakuna mtu."